Mchezo wa Kujificha na Mlinzi wa Mkata

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za chumba cha kompyuta pale Korogwe, na ninyi vijana mliobaki mkaniambia, "Bibi, andika. Ukiondoka tutamuuliza nani kwa nini mlinzi anageuza kichwa kushoto kwanza?" Haya, naandika. Lakini msitegemee niwaeleze nilianza na cheo gani nikaishia na kipi. Nilianza na ufagio. Hayo mengine hayamfundishi mtu kitu.

Shule niliishia darasa la nne, kwetu Mkata. Sikufukuzwa, wala sikuwa mjinga. Mahindi yetu yalikuwa yanaliwa na nyani, na mtu wa kushinda shambani alikuwa mimi. Nyani ndiye mwalimu wangu wa kwanza katika kazi hii, na hakuwa na huruma. Mmoja mkubwa anajitokeza upande wa barabara, anakaa mahali peupe, anajikuna. Wewe unamkimbilia na mawe na matusi. Ukirudi, upande wa korongo mistari mitatu ya mahindi imekwisha. Mwaka wa kwanza nililia sana. Mwaka wa pili niliacha kumtazama anayejikuna.

Duka la Fundi Hoza lilikuwa nyuma ya stendi ya Korogwe. Fundi alikuwa Msambaa wa milimani, mrefu, mpole, mtu wa kuchelewa kujibu mpaka unasahau ulichouliza. Mbele alitengeneza redio. Nyuma alikuwa na taipureta mbili na mashine ya kudurufu, watu wakija kuandikiwa barua na kuchapishiwa mitihani ya shule. Nilifagia, kisha nikajifunza kuchapa kwa kunakili herufi moja moja, kwa vidole vinne. Mpaka leo ni vinne. Ilikuwa miaka ya soko huria, kila kilichotupwa Ulaya kinashushwa bandarini: mashati, makochi, majokofu. Siku moja Fundi akarudi kutoka Tanga amebeba sanduku la rangi ya maziwa yaliyochacha, kioo chake kina ufa pembeni.

"Nini hii, Fundi?"

"Kompyuta."

"Inafanya nini?"

Akafikiri. "Bado sijajua. Lakini inawaka."

Ndani yake tulikuta mchezo waliouacha wenyewe wa zamani. Unaona mikono yako mbele yako imeshika bunduki, kana kwamba macho yaliyomo ni yako, unapita vichochoroni unaua kila anayetokea. Wateja wakaanza kugombea kiti. Mimi niliutazama siku mbili nikaudhika. Mtu mwenye akili timamu akiona askari wanne wana bunduki hawafuati. Anajificha.

Nikamwambia Fundi, "Mchezo huu kaandika mtu ambaye hajawahi kuogopa."

"Basi andika wako," akasema, akarudi kwenye redio yake.

Alidhani amenikomesha.

Kompyuta ile ilikuwa na lugha ya kuandikia programu, maneno yake ya Kiingereza. Kiingereza sikukijua na hata leo sikijui. Lakini maneno yenyewe ni machache na hayabadiliki: hili ni "kama", hili ni "rudia", hili ni "vinginevyo". Fundi aliniandikia kwenye jalada la daftari, neno na maana yake, nami nikayashika kama dereva anavyoshika alama za barabarani. Ninyi mnaocheka matamshi yangu, kumbukeni kwamba mashine haina masikio.

Kuta ndizo zilizonitesa kwanza. Nilitaka mtu aone ukuta uko mbali, na ukuta wangu ukabaki umebandikwa kwenye kioo kama tangazo la msiba. Wiki tatu. Fundi alichoka kusikia ninavyosonya, akanichukua mpaka relini, upande wa kwenda Mnyuzi, akanionyesha nguzo za simu.

"Ile ya karibu ina urefu gani?"

"Ndefu."

"Na ile ya mwisho?"

"Kama kijiti. Lakini Fundi, nguzo ni zile zile."

"Ni zile zile. Sasa chora ukuta kwa milia ya kusimama. Ulio karibu mrefu, ulio mbali mfupi. Umbali ukizidi mara mbili, urefu upungue nusu. Jicho litajidanganya lenyewe."

Hiyo ndiyo hesabu yote ya kuta mnazozitumia leo. Nimemsikia mmoja wenu akimweleza mgeni kwamba ni elimu ya juu. Ni nguzo za simu.

Nyumba ya kwanza ilipokamilika, na mlinzi ndani yake, nilitaka kujenga ya pili. Haikuwezekana. Kila nikigusa mlango, mlinzi anapotea. Nikimrudisha mlinzi, dirisha linakuwa ukuta. Fundi akatazama mistari yangu kwa muda mrefu.

"Mkijenga nyumba kwenu mnaanza na nini?"

"Nguzo na fito."

"Na udongo?"

"Baadaye."

"Wewe umekoroga fito na udongo kwenye ndoo moja."

Nilifuta kazi ya miezi mitano. Sitaki kuzungumzia siku hiyo. Nilianza upya: macho ya mlinzi peke yake, masikio peke yake, miguu peke yake, na ramani ya jengo kwenye faili lake, herufi tupu, kila herufi ni ukuta au mlango au nyasi. Hapo ukitaka jengo jingine unaandika herufi nyingine, mengine huyagusi. Ndiyo maana tulikiita kiunzi. Kimesimama wazi, kila mtu alete udongo wake. Mkiona mtu anaandika jina la mlango ndani ya macho ya mlinzi, mnyang'anyeni kibodi.

Sasa mlinzi mwenyewe anaonaje? Hilo kitabu hakikuwepo cha kunieleza, na kama kingekuwepo nisingekisoma. Kila Ijumaa Fundi alifunga duka, nami nilikwenda Mkata kwa mama yangu, ambako wanangu walikuwa wanalelewa. Pale kando ya barabara kuu palikuwa na ghala la mahindi la Bwana Mgaza, mfanyabiashara mmoja aliyekuja na soko huria kununua mahindi ya wakulima. Mlinzi wake wa mchana alikuwa Mzee Loserian, mfugaji ambaye ng'ombe wake walikwisha kwa ukame akabaki na fimbo, shuka na wajukuu wanne. Nikavuta kigoda nikakaa naye. Nilirudi Ijumaa nyingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umekuja tena kunitazama ninavyotazama?"

"Ndiyo, mzee. Ukisikia kitu nyuma yako, unageuka saa ile ile?"

"Hapana. Anayegeuka saa ile ile ni mwoga. Kwanza nasimamisha pumzi. Halafu nageuza kichwa, kushoto."

"Kwa nini kushoto?"

"Kulia kuna fimbo. Huko nimejilinda."

Haya, mmepata jibu lenu. Yeye ndiye aliyenipa hali tatu za mlinzi: hana habari, ana shaka, ameona. Alinifundisha kuwa shaka haiishi haraka. Mtu aliyesikia jani likivunjika hatulii mpaka apate sababu, awe panya au mwizi. Alinipa pia ruhusa ya kupima ghala lote kwa hatua zangu, kutoka kiti chake mpaka mlango wa ubavuni, na ghala lile ndilo lililokuwa uwanja wangu wa majaribio ndani ya kompyuta.

Makosa? Nitataja mawili, mengine mtayarudia wenyewe. Mlinzi wangu wa kwanza aliona kupita ukuta, kwa sababu nilipima umbali kabla ya kuuliza kama kuna tofali katikati. La pili lilinitoa machozi. Nilimpa masikio, nikampa na nyayo zenye sauti, akaanza kukimbia kuzunguka ghala bila kukoma, fimbo juu. Siku kumi nilitafuta anamkimbiza nani. Alikuwa anasikia nyayo zake mwenyewe. Fundi alipojua alicheka mpaka akaunguza redio ya mtu.

Lakini hakuna aliyenichosha kama wateja. Nilihitaji watu wa kujaribu mchezo, nikawa nawakalisha wanaosubiri barua. Wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja wa kike, mtu mzima, aliyeleta mitihani.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" akauliza.

"Usimtafute. Unaingia kwa kujificha."

"Bila hodi?"

"Ni mchezo, mwalimu."

"Mimi si mchawi," akasema, akasukuma kibodi.

Wa pili, mzee wa Kizigua mwenye kofia, alitembea moja kwa moja mpaka mbele ya mlinzi, akasimama, akakiambia kioo, "Habari za kazi, bwana?" Mlinzi akamkamata. Mzee akanigeukia amekasirika. "Mlinzi wako hana adabu. Nimemsalimu, ananishika." Bibi mmoja wa milimani alisalimu kwa Kisambaa, "Onga makeo", mara tatu, akasubiri aitikiwe, akakamatwa mara tatu. Nilimwambia Fundi watu hawa hawajui kucheza. Nilisema maneno mengine pia.

Fundi akasema, "Au mlinzi wako hajui kuishi."

Niliudhika kwa sababu alisema kweli. Mlinzi gani wa kwetu asiyeitikia salamu? Nikaongeza kitufe cha salamu. Ukimsalimu mlinzi ipasavyo kwa umri wake, miguu yake inasimama, uso unakugeukia wewe, na mpaka amalize kuitikia macho yake hayako kwingine. Masikio yanabaki, ila yanapungua. Wateja wakafurahi. Wakawa wanaingia maghalani kwa adabu kamili.

Basi asubuhi moja Bwana Mgaza akaja dukani. Alikuwa mtu mnene, mwenye haraka, si mbaya, ila haraka yake ilimtangulia kila mahali. Magunia yalikuwa yanapotea ghalani kwake Mkata. Alitaka barua ya kumfukuza mlinzi.

"Andika," akasema. "Mzee Loserian, umeachishwa kazi kwa kosa la kulala kazini. Msimamizi alikukuta umelala saa nane mchana, si mara moja."

Nilichapa mpaka "kulala" vidole vikasimama. Barua ile haikuwa ya kazi ile moja tu. Mlinzi akishaandikwa kwamba analala, kuanzia Mkata mpaka Segera hakuna atakayempa hata kibanda cha kuku, na wale wajukuu wanne walikuwa wanakula kwa kiti kile.

"Taipureta imekwama?" akauliza.

"Haijakwama. Msimamizi ni nani?"

"Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Alimkuta kichwa kimeinama kifuani. Mtu aliye macho anainamisha kichwa?"

"Saa nane?"

"Saa nane. Mama, wewe ni mchapaji au hakimu?"

Saa nane watoto hutoka shule. Nilikuwa nimeyaona Ijumaa zote hizo nisiyatie akilini. Njia yao inapita mbele ya ghala, na watoto wa wafugaji hawamwambii mzee shikamoo kwa mbali. Wanamwendea mmoja mmoja wanainamisha vichwa, naye anawawekea kiganja utosini. Watoto wa Kizigua nao walikuwa wamezoea, wakawa wanapanga foleni pamoja nao. Mzee anainama, kwa sababu watoto ni wafupi. Kichwa hadi kichwa mpaka wamekwisha. Na mlango wa ubavuni uko kulia kwake.

Nikamwambia, "Hakulala."

"Ulikuwepo?"

"Kaa hapa kwenye kompyuta nikuonyeshe."

"Nimekuja kuandikiwa barua, sikuja kucheza."

Hapo Fundi Hoza, ambaye sijapata kumsikia akisema uongo kabla wala baada, akasema kutoka mbele bila kuinua uso, "Utepe wa taipureta umekwisha, Bwana Mgaza. Nabadilisha. Kuna chai." Akaja nyuma, akautoa utepe uliokuwa mzima kabisa, akaanza kuukunjua polepole.

Nilichokuwa nacho tayari ni ghala, hatua kwa hatua, na mlinzi. Watoto sikuwa nao. Nikamchukua yule mtu wa salamu, nikamfupisha, nikamzidisha mpaka wakawa kumi na wawili, nikaandika kwamba anayesalimiwa na mtu mfupi huinama. Chai haijaisha nikamaliza.

"Wewe ni mwizi," nikamwambia Bwana Mgaza. "Beba gunia utoke mlango wa ubavuni."

"Hili ni ghala langu," akasema.

"Ni lako. Beba."

Mara ya kwanza alikamatwa kabla hajafika mlangoni. Mara ya pili alikanyaga magunzi makavu, mlinzi akageuka kushoto, akamwona. Akaanza kutoka jasho. "Huyu mzee anaona," akasema.

"Anaona. Sasa ni saa nane."

Nikawaleta watoto. Mlinzi akasimama, akainama. Bwana Mgaza akabeba gunia akatoka. Akarudi, akabeba jingine, akatoka. Alitoa manne, mtoto wa mwisho akiwa bado hajafikiwa. Akaondoa mikono kwenye kibodi kama imemchoma.

"Kichwa kimeinama," akasema taratibu.

"Kifuani."

Aliondoka bila barua. Fundi akaurudisha utepe ule ule mahali pake.

Kesho yake Bwana Mgaza alijifungia ndani ya lori lake kule Mkata, akasubiri watoto watoke shule. Aliyetoka mlango wa ubavuni na gunia begani alikuwa shemeji yake. Alinieleza mwenyewe siku alipokuja tena, amekaa kwenye kiti cha wateja, haraka yote imemwisha.

"Umemfanya nini?" nikamuuliza.

"Nimfanye nini, mama? Mke wangu ana ndugu mmoja tu. Nimemsema."

"Na Mzee Loserian?"

"Simfukuzi. Niandikie barua nyingine." Akakohoa. "Kuanzia leo mlinzi asipokee salamu saa za kazi. Watoto wapite wasisimame."

"Mwizi ni shemeji yako, unayemwandikia barua ni mzee."

"Lazima nimwandikie mtu barua," akasema. "Magunia yamepotea."

Niliichapa. Mnapenda kusimulia kwamba bibi aliokoa mtu kwa mchezo, basi pokeeni na hili: barua ile niliichapa kwa vidole vyangu vinne, bila kosa hata moja.

Mzee hakujua kusoma, kwa hiyo Ijumaa niliipeleka mwenyewe. Nilimsomea pale pale kitini. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Wameandika kwamba nililala?"

"Hapana, mzee. Hilo limeondoka. Bwana Mgaza anajua ni shemeji yake."

"Na bado wanataka mkono wangu usiguse watoto."

"Wanataka kazi yako ibaki, mzee. Wape watoto siku chache, watazoea. Fikiria wajukuu."

"Wajukuu ndio hao wanaokuja," akasema.

Walikuwa wanatoka shule. Wa kwanza alikuwa wa kwake, wa pili mwanangu mimi, wa tatu simjui. Wakamfikia, wakainamisha vichwa, wakasubiri. Mzee alinitazama mimi kwanza, si kwa ukali. Halafu akaihamishia barua mkono wa kushoto, wa kulia akawawekea utosini, mmoja mmoja, bila kuharakisha. Mlango wa ubavuni ulikuwa umefungwa kwa kufuli jipya. Walipokwisha alichukua fimbo yake, akasimama mbele ya kiti, hakukaa tena.

"Una kalamu?"

"Ninayo."

"Andika nyuma ya karatasi hiyo hiyo. Andika: sikulala."

Nikaandika.

"Na nini tena, mzee?"

"Weka jina langu."

Aliiacha kazi, akaenda Kwaluguru kwa mwanawe aliyekuwa na mbuzi wachache. Wajukuu aliwachukua. Karatasi nilimpelekea Bwana Mgaza ofisini kwake ghalani jioni ile ile. Aliisoma upande wake, akaigeuza, akasoma upande wa pili, akaigeuza tena kama anatafuta iliyobaki.

"Haombi chochote?"

"Haombi."

"Sasa nimjibu nini?"

"Hakuuliza," nikasema.